Milioni Tatu Zinazokosekana, na Chumba cha Mbele

MTAFITI: Tuanze na tarakimu, maana bila tarakimu tutabaki kulalamika tu. Tanzania inatajwa kuwa na upungufu wa nyumba milioni 3, na kila mwaka zinahitajika nyingine 200,000. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Dar es Salaam peke yake, iliyokuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012, ilikutwa na 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka katika miaka kumi wanalala wapi? Hapo ndipo utafiti wa mahitaji ya makazi unapoanzia.

MWENYE NYUMBA: Wanalala kwangu, mwanangu.

MTAFITI: Mzee, sifanyi mzaha.

MWENYE NYUMBA: Wala mimi. Nina nyumba ya Kiswahili pale Tandale: vyumba sita, ukumbi katikati, uani kuna jiko, bafu na choo. Kila chumba kina familia yake. Nimeijenga tofali baada ya tofali, mwaka huu msingi, mwaka ule kuta, bati nikalipata baada ya miaka minne. Sikukopa kwa mtu. Sasa niambie, katika hiyo milioni tatu yako nyumba yangu imewekwa kapu gani? La nyumba zilizopo, au la zinazokosekana?

MTAFITI: Makapu yote mawili. Karani wa sensa aliiandika kuwa jengo moja. Lakini ndani yake mna kaya sita, na chumba kinacholala zaidi ya watu watatu, kwa kipimo cha Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa, kina msongamano. Kwa hiyo mtu anayekokotoa mahitaji anaweza kusema kaya tano kati ya hizo zinastahili nyumba zao.

MWENYE NYUMBA: Mmesikia? Nimewahifadhi watu wa kaya sita, shukrani yangu ni kuandikwa upungufu wa nyumba tano! Ningejenga kibanda nikaishi na mke wangu tu, nisingekuwa na deni kwa taifa.

MWENDELEZAJI: Mzee, hakuna anayekudharau. Lakini ukweli ni kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanaishi maeneo yasiyopimwa. Gari la zimamoto halipiti. Mvua za masika zikija, maji yanaingia ukumbini na choo kinafurika. Tukikubali kuziita hizo nyumba zinazotosha, tutakuwa tumeimaliza shida ya makazi kwa kalamu. Mimi naichukua hiyo milioni tatu jinsi ilivyo. Ndiyo inayonifungulia mlango wa benki.

MPANGAJI: Naomba kuuliza kuhusu hiyo milioni tatu, maana mimi nakaanga maandazi na hesabu nazijua. Hiyo namba nimeanza kuisikia redioni mwanangu akiwa darasa la kwanza. Sasa amemaliza kidato cha nne. Kila mwaka mnasema zinaongezeka laki mbili, na kila mwaka jumla ni ileile milioni tatu. Laki mbili mara miaka kumi na moja zimekwenda wapi? Zimejengwa? Kama zimejengwa, nionyesheni mtaa wake. Kama hazijajengwa, mbona milioni tatu haijawa milioni tano? Mimi nikiuza maandazi kwa daftari la namna hiyo, wiki haiishi nimefilisika.

*(Mwenye nyumba alicheka peke yake. Mtafiti aliandika kitu pembeni mwa karatasi yake.)*

MTAFITI: Swali lako ni zito kuliko unavyodhani, mama. Hiyo namba ilikuwa makadirio. Ikanukuliwa kwenye taarifa moja, ikahamia ya pili, hata taarifa za Benki Kuu kuhusu soko la mikopo ya nyumba zikawa zinairudia mwaka baada ya mwaka. Namba ikinukuliwa sana inaota mizizi. Ndiyo maana Sensa ya Majengo ya 2022 ilikuwa jambo kubwa, maana kabla yake hatukuwa tumehesabu majengo kwa mtindo ule. Yakapatikana 14,348,372.

MWENDELEZAJI: Na kaya ni ngapi?

MTAFITI: Chukua watu uwagawe kwa 4.3, ambao ndio wastani wa watu kwa kaya. Unapata kaya milioni 14.3 na ushee.

MWENYE NYUMBA: Basi tumelingana! Kila kaya na jengo lake. Tufunge kikao twende tukale.

MTAFITI: Hapo ndipo mtego ulipo, mzee. Katika majengo hayo kuna shule, zahanati, misikiti, makanisa, maduka na maghala. Kuna ghorofa la Kariakoo lenye familia thelathini, limeandikwa jengo moja sawasawa na kibanda cha mlinzi. Na kuna nyumba kijijini ambayo wenyewe wamehamia mjini, imebaki kufuli. Nyumba tupu ya kijijini haimlazi mtu wa Tandale.

MPANGAJI: Kwa hiyo ile namba ya zamani ni makadirio tu, na hii mpya haitoshi kujibu. Bado mnataka kujenga kwa kuifuata.

MWENDELEZAJI: Mama, tusisubiri hesabu ikamilike ndiyo tujenge. Tuseme upungufu si milioni tatu, ni moja na nusu. Je, tunazijenga? Hatuzijengi! Mimi nikinunua ekari, barabara najichongea mwenyewe, bomba la maji navuta mwenyewe, nguzo za umeme nagharamia mwenyewe, na vyote vinaingia kwenye bei. Mnunuzi naye akienda benki anakutana na riba ya asilimia 13 hadi 19. Nchi nzima hii mikopo ya nyumba inayodaiwa haifiki elfu kumi. Tulikuwa na Benki ya Nyumba, iliundwa 1972, ikafa 1995, na tangu hapo anayejenga anajenga kama huyu mzee: tofali la mshahara wa Januari, mfuko wa saruji wa Machi.

MWENYE NYUMBA: Na nyumba imesimama.

MWENDELEZAJI: Imesimama kwa vyumba sita, mahali ambapo ghorofa lingelaza familia sitini. Tazama Magomeni Kota. Zilikuwa kaya 644 kwenye nyumba za chini. Machi 2022 Rais akazindua maghorofa yenye nyumba 656 palepale, na eneo likabaki. Huko ndiko jiji linakoelekea, tupende tusipende.

MPANGAJI: Ni mazuri, nimeyaona nikiwa kwenye basi la mwendokasi. Lakini nyumba 656 badala ya kaya 644, kaka yangu, ni ongezeko la kumi na mbili.

MWENDELEZAJI: Lile lilikuwa la kuwarudisha wenyeji kwanza.

MPANGAJI: Nakubali, na ni haki yao. Mimi naisoma hesabu tu. Na toka siku zilipovunjwa zile za zamani mpaka siku ya uzinduzi, watu walikaa nje miaka kama kumi. Walipanga kwa nani? Kwa huyu mzee na wenzake. Waliwapandishia kodi nani? Sisi tuliokuwemo. Hilo lipo kwenye kitabu cha mtafiti?

MTAFITI: Halipo.

MWENYE NYUMBA: Na si mara ya kwanza. Miaka ya sitini, Shirika la Nyumba lilipoundwa, kazi ilikuwa kubomoa na kujenga upya, papo kwa papo. Unavunja moja unaweka moja. Serikali yenyewe ikaona haiendi mbele. Ilipofika 1972 ikaamua tuachwe tulipo, tuletewe barabara na maji, na wengine wagawiwe viwanja vilivyopimwa: Sinza, Kijitonyama, Mikocheni. Fedha za Benki ya Dunia zikaingia. Manzese ikapata barabara. Huo ndio mpango wa busara niliowahi kuuona.

MWENDELEZAJI: Na Sinza leo inakaliwa na nani, mzee?

MWENYE NYUMBA: Wenye uwezo.

MWENDELEZAJI: Viwanja vilikuwa vya watu wa kipato cha chini.

MWENYE NYUMBA: Aliyepewa alikuwa na kiwanja na njaa. Akaja mwenye fedha, akamwondolea vyote viwili.

MWENDELEZAJI: Basi tusiulaumu ujenzi wa maghorofa peke yake. Kila tunachopanga kwa ajili ya maskini kinapanda daraja.

MTAFITI: Ndiyo maana siku hizi hatuhesabu tu. Tunauliza. Utafiti wa kuridhika kwa wakazi unakwenda mlango kwa mlango: maji, choo, ukubwa wa chumba, usalama, majirani, umbali wa kazini, kodi. Kila kipengele mkazi anatoa alama, moja hadi tano. Mama, wewe mwenyewe tulikuhoji.

MPANGAJI: Mlinihoji. Nilijibu nini?

MTAFITI: Majibu ni siri ya mhojiwa.

MPANGAJI: Mhojiwa ni mimi, nakuruhusu.

MTAFITI: Ulitoa nne kwa karibu kila kitu. Umeridhika.

MPANGAJI: Sasa nikueleze siku ile ilivyokuwa. Kijana wako alikuja na kishikwambi saa nne asubuhi. Mimi nimekaa barazani naosha karai la maandazi. Hatua tatu kutoka pale, kwenye kigoda chake, amekaa mwenye nyumba. Huyu huyu mzee mnayemwona hapa.

MWENYE NYUMBA: Ni kweli, nilikuwepo. Nilimkaribisha kijana chai.

MPANGAJI: Kijana akauliza: unaridhika na hali ya choo? Niseme nini, mwanangu? Nikasema tunamshukuru Mungu. Akabonyeza nne. Akauliza: unaridhika na mahusiano yako na mwenye nyumba? Nikasema ni mzee wetu. Akabonyeza tano.

MWENYE NYUMBA: Kwani mimi si mzee wenu?

MPANGAJI: Ni mzee wetu, na tunaheshimiana. Lakini choo ni kimoja, familia sita. Alfajiri saa kumi na moja mimi nishawasha mkaa, watoto wa shule wamepanga foleni na ndoo. Mita ya umeme, LUKU, ni moja. Tunachanga kwa vichwa, ila mwenye friji anatakiwa aongeze, na kila mwezi ni ugomvi, kwa sababu kijana wa chumba cha nne anapika kwa jiko la umeme usiku wa manane akidhani harufu haisikiki. Hayo kishikwambi chako hakikuyaona. Kiliona mwanamke aliyeridhika.

MTAFITI: Hilo ni kosa la uwandani, nakiri. Mhojiwa anatakiwa kuhojiwa faraghani.

MPANGAJI: Faragha gani, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi mmoja?

MTAFITI: Lakini nikuulize nawe, mama, maana hili linatusumbua sisi wa kazi hii. Ukihojiwa faraghani kabisa, utasemaje juu ya pale unapoishi?

MPANGAJI: Nitasema sitaki kuhama.

MWENDELEZAJI: Na choo kimoja?

MPANGAJI: Na choo kimoja. Chumba changu ni cha mbele, dirisha linatazama njia. Ndiyo duka langu. Anayekwenda kazini alfajiri ananunua maandazi manne bila kuuliza bei. Mwanangu akichelewa, jirani anamlisha. Niweke ghorofa ya sita, nipe maji ya bomba na marumaru sakafuni. Nitakaanga wapi? Mkaa nitauwasha kwenye kibaraza? Wateja watapanda ngazi sita kwa andazi la shilingi mia mbili?

MTAFITI: Sasa mnaona ugumu wangu. Mama huyu ana malalamiko kumi na bado hataki kuhama. Nikiandika "ameridhika", mwendelezaji atasema utafiti umewapendelea wa uswahilini. Nikiandika "hajaridhika", kesho litakuja tingatinga kwa jina lake. Halafu kuna hili ambalo halisemwi. Mtu aliyeishi miaka ishirini bila bomba hulizoea pipa. Ukimuuliza, anatoa nne. Aliyehamia juzi kwenye nyumba yenye bomba, maji yakikatika siku mbili anatoa moja. Nikiamini alama peke yake nitapeleka fedha kwa mwenye bomba.

MWENDELEZAJI: Ndiyo hoja yangu toka mwanzo! Kuridhika ni maneno. Mita za mraba ni mita za mraba.

MTAFITI: Mita za mraba zina uongo wake pia. Maghorofa ya Dege kule Kigamboni yalipangwa kuwa na nyumba zaidi ya elfu saba. Mita zilikuwepo, zikakaa miaka bila mkazi. Na pale Michenzani, Unguja, yale maghorofa marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki yalitaka kumfundisha mtu namna ya kuishi. Watu wakaishi walivyojua wao. Nyumba humaliziwa na anayekaa, si na aliyechora.

DALALI: Jamani, nimesikiliza nimechoka. Mnahesabu na kuhesabu. Mngeniuliza mimi. Hivi tunavyoongea nina vyumba tisa vitupu kutoka Manzese hadi Mwananyamala, picha ziko kwenye simu. Na nina watu ishirini wanatafuta chumba. Mtaniambia kwa nini hawakutani?

MWENDELEZAJI: Kwa sababu unawala pande zote mbili.

DALALI: Bosi, mimi nakula kodi ya mwezi mmoja tu, na viatu vinaisha kwa kutembeza watu. Hawakutani kwa sababu mwenye chumba anataka kodi ya miezi sita, mwingine mwaka. Chumba cha elfu hamsini ni laki tatu mkononi, na yangu elfu hamsini, na ya godoro unajua mwenyewe. Huyu anayetafuta analipwa kwa siku. Elfu hamsini kila mwezi anaiweza. Laki tatu na nusu kwa mkupuo hana na hatakuwa nayo. Kwa hiyo vyumba tisa vinalala vitupu, na watu ishirini wanalala kwa shemeji. Huo upungufu unaitwaje kwenye vitabu vyenu?

MTAFITI: Hauna jina zuri.

MPANGAJI: Una jina. Ni kodi ya miezi sita. Sisi tusio na fedha ndio tunaomkopesha mwenye nyumba, bila riba.

MWENYE NYUMBA: Mnanisema kama sipo. Nikichukua kodi ya mwezi mwezi, mtu wa mwezi wa tatu ananipiga chenga, nikienda Baraza la Ardhi na Nyumba najikuta nazeeka mlangoni. Hiyo miezi sita ndiyo benki yangu. Ndiyo inayonunua bati likitoboka. Mimi si tajiri, binti yangu. Nina vyumba sita na kisukari.

MPANGAJI: Sikusema wewe ni tajiri, mzee.

MTAFITI: Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango, yenye mabaraza yake. Ilifutwa mwaka 2005. Kuna wanaotaka irudi.

MWENYE NYUMBA: Ikirudi ya kunipangia bei, nafunga milango. Nimeona mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja yakichukuliwa, yakawa nyumba za Msajili wa Majumba. Sikuwa na nyumba wakati ule, lakini somo nililipata. Tangu hapo nani mwenye akili alijenga jumba kubwa la kupangisha, mpaka ilipopita miaka mingi? Mkimtisha mwenye nyumba, nyumba hazijengwi. Nalo hilo liandikeni.

MWENDELEZAJI: Hapo niko na mzee.

MPANGAJI: Ninyi wawili mtapatana siku zote. Nasema kitu kidogo. Serikali isikupangie bei, ila iseme kodi ilipwe kwa miezi miwili au mitatu, na mtu asiondolewe bila notisi ya kueleweka. Hapo hakuna tofali hata moja linalonunuliwa, na wale ishirini wa dalali wanapata pa kulala kabla ya Ijumaa.

MWENDELEZAJI: Wale tisa wa kwanza, mama. Kumi na mmoja wanabaki kwa shemeji. Kwa hao lazima mtu ajenge.

MPANGAJI: Kumi na mmoja wanabaki. Hilo nakupa.

MTAFITI: Niseme jambo moja la kitaalamu, halafu mnishambulie. Umoja wa Mataifa, unapotaka kujua kama kaya inaishi kwenye makazi duni, una vigezo vitano: maji salama, choo, nafasi ya kutosha, nyumba imara, na uhakika wa kuendelea kukaa pale. Vinne vya kwanza tunavipima kila mara. Cha tano mara nyingi tunakiruka, kwa kuwa takwimu zake ni ngumu kupatikana.

DALALI: Ngumu wapi? Mimi najua nani anahamishwa lini. Nikiona lami tu, najua.

MTAFITI: Lami?

DALALI: Mradi wa kuendeleza jiji, DMDP, umepita Tandale, si ndiyo? Barabara, mitaro, taa. Safi sana, hata mimi usiku napita bila woga. Lami ikifika, chumba cha mbele kinabomolewa ukuta, linawekwa geti la chuma, kinakuwa fremu. Duka la vipodozi, wakala wa fedha za simu, saluni. Fremu moja inalipa mara tatu ya chumba. Chukueni mtaa wowote wenye lami mpya, mhesabu vyumba vya mbele vilivyobaki na kitanda ndani.

MTAFITI: Na ule mtaa, kwenye utafiti wetu, ndio ulioongoza kwa kuridhika.

MPANGAJI: Mliwauliza waliobaki. Aliyetolewa ili iwekwe fremu mlimkuta wapi? Sasa hivi yuko Mbagala au Chanika, anapanda magari mawili kuja mjini, wala hajui kama mtaa wake wa zamani umeridhika.

MWENDELEZAJI: Lakini huwezi kusema tusilete lami.

MPANGAJI: Sijasema. Niliishangilia lami. Siku ya kwanza nimeuza maandazi mara mbili ya kawaida, maana watu hawakuwa wakikimbia tope. Nasema kipimeni hicho kigezo cha tano, sasa hivi, hapa. Mzee, jirani yako wa kushoto ametengeneza fremu mbili. Wa kulia fundi alikuja Jumapili na futi kamba. Chumba changu ni cha mbele, na kodi yangu inaisha mwezi wa kumi na moja. Je?

MTAFITI: Mzee, huna lazima ya kujibu.

MPANGAJI: Mimi nilijibu maswali arobaini na nne, yeye amekaa palepale. Na yeye ajibu moja.

MWENYE NYUMBA: Binti yangu, hayo ni mambo ya nyumbani. Tutaongea nyumbani.

DALALI: Namba yangu unayo, mama.